Nataka Laptop Inayokata Video Lakini Inayokataa Gemu

Mpendwa Masenge,

Shikamoo. Naomba msaada, na kabla sijafika mbali naomba usinirudishe kwa fundi wa kompyuta, kwa sababu swali langu kwa juu litaonekana ni la fundi, lakini dukani nimeshakwenda na nimerudi na moyo mzito kuliko nilivyokwenda, ndiyo maana nimekuja kwako uliye shangazi wa wote wasio na shangazi karibu. Swali lenyewe ni hili: kuna laptop inayoweza kukata video vizuri, tena video ndefu za harusi, lakini isiyoweza kabisa kucheza gemu, hata gemu dogo? Kama ipo nitajie jina lake, nami nitakuombea dua hadi nizeeke.

Jina langu weka Kaliza, na mume wangu mwite Eustache. Mimi nililelewa Mwanza, wazazi wakarudi Rwanda nikiwa msichana mkubwa tayari, na Eustache alilelewa Bujumbura, tukakutana hapa Kigali kwenye harusi moja ambayo yeye alikuwa anachukua video na mimi nilikuwa kamati ya chakula, na kwa kuwa Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuungaunga na chake kilikuwa na Kirundi ndani yake, tulichumbiana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, na hadi leo Kiswahili ndiyo lugha ya nyumba yetu hapa Rwezamenyo. Kazi tunafanya pamoja, yeye anashika kamera na mimi nakata, na Masenge, si kwa kujisifu, mimi najua kukata. Mtu akiniletea gusaba, ile sherehe ya kuposa ambayo wazee wa pande mbili wanarushiana maneno saa nzima kabla binti hajatoka, mimi ndiye ninayejua utani upi ubaki na kikohozi kipi kiondoke, na watu wakitazama wanadhani wazee wao walikuwa hodari wa kuongea kuliko walivyokuwa.

Sasa kompyuta yetu imezeeka, inapata moto hadi huwezi kuipakata, na wiki iliyopita ilizimika msemaji wa upande wa bwana harusi akiwa ndiyo kwanza anataja ng'ombe, ikanibidi nianze upya sehemu yote ile, nikalia. Eustache akasema basi yatosha, tununue mpya, na mimi nikafurahi sana, hadi aliposema, "Tutafute ya kukata video na kucheza kidogo." Hilo neno kidogo, Masenge, limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu mimi kidogo hicho nakijua kwa jina, kinaitwa Belyse.

Belyse yuko Bujumbura, walikua mtaa mmoja na mume wangu, na kila jioni tukishakula Eustache anavaa hedifoni zake anafungua gemu kwenye simu anacheza naye. Gemu lenyewe ni la malori, halina bunduki wala mpira, kila mtu anaendesha lori lake wanafuatana barabarani, wanavuka nchi baada ya nchi bila mtu kuwauliza pasipoti, na njia nzima wanaongea. Ungekuwa mchezo wa kuuana ningejua wana shughuli, lakini kuendesha lori barabara iliyonyooka shughuli yake ni ipi zaidi ya kupiga soga? Na sasa kioo cha simu ni kidogo, anasema macho yanamuuma, kwa hiyo hiyo laptop mpya ikija watakuwa na barabara pana, na mimi mwenyewe ndiye nitakuwa nimewapasulia hiyo barabara kwa kazi ya mikono yangu, nikae hapo pembeni nikunje nguo niwasikilize wakifika mjini.

Nina wivu, Masenge, sitaki kuzunguka. Nina wivu unaonifanya nifanye mambo ya ajabu. Picha yake niliiona kwenye simu, ana mwanya, nikajitumia hiyo picha nikaifungua kwenye programu ninayokatia harusi nikaikuza nikitafuta kasoro, nikaikuza hadi uso ukawa vigae vigae vya rangi, kasoro sikuipata. Nikaongeza mwanga, akazidi kuwa mzuri. Siku nyingine Eustache alikuwa ananielezea laptop aliyoiona, anasema nyembamba, tulivu, haina kelele hata ukiipa kazi nzito, nami nikakasirika nikatoka nje, yeye akabaki na sentensi yake mdomoni hajui kosa lake, kwa sababu mimi nilisikia kama anaeleza mwanamke mwingine na kunisema mimi.

Lakini kinachoniua zaidi ni neno dogo. Mimi nikimuuliza jambo ananijibu "ndiyo", au anaguna tu. Kwake yule anasema "ego". Ego, ego, ego, ile ndiyo ya Warundi, anaivuta, anaichekea, mara anaisema haraka haraka mara tatu kama anayepiga makofi. Mimi tangu tuoane sijawahi kuambiwa ego hata moja. Nimejaribu kumuuliza kwa Kirundi nilichookota, "Urashaka icayi?" yaani unataka chai, akanitazama, akasema, "Ndiyo, asante."

Na siku iliyonichoma ndiyo hii. Nilimpelekea hiyo chai nikamkuta anacheka hadi machozi, ametoa hedifoni sikio moja anajifuta, nikaona nafasi, nikakaa kando yake nikauliza kwa upole kabisa kinachochekesha ni nini. Akasema, "Acha tu Kaliza, ni vitu vya kwetu, huwezi kuelewa." Kwetu! Masenge, mimi nilidhani kwetu ni hapa. Nilidhani kwetu ni hivi vyumba vyetu viwili na hilo jiko na hayo mapazia niliyoshona mwenyewe, kumbe mwenzangu ana kwao kwingine ambako kila jioni anaendesha lori kurudi, na tangu mpaka wa Burundi ufungwe hajakanyaga huko kwa miguu lakini kwa masikio anafika kila siku, na anayempokea ni mwanamke mwenye mwanya. Nilichukua kikombe changu nikarudi jikoni.

Basi nikafanya hivi, na hapa ndipo unaponiona mjinga. Nilipanda moto, hizi pikipiki za abiria, hadi Sonatubes peke yangu, kuna kijana ana duka pale anaitwa Mugenzi, ndiye tuliyepanga kununua kwake Jumamosi hii. Nikamuomba anionyeshe laptop mbili, moja ina ile kadi ya picha wanayoiita grafiksi na nyingine haina, nikamwambia Jumamosi tukija, mume wangu akigusa hiyo yenye kadi, wewe mwambie inaharibu rangi za video. Mugenzi akacheka, akasema, "Madamu, lakini hii yenye haina kadi, video murefu itakuwa iko nasumbua." Nikamwambia hayo niachie mimi. Akasema, "Sawa, kama iko shauri ya nyumbani, mimi ntasema vile unataka." Tukakubaliana. Nikatoka pale najiona nimeshinda, nikapanda moto bila hata kuuliza bei.

Sasa Jumamosi inakaribia, Eustache kila siku ananionyesha picha za laptop, ana furaha kama mtu anayejenga nyumba, juzi kanishika bega kasema, "Utapumzika sasa, haitakuzimikia tena." Nikashindwa kumwangalia. Sitaki kumdanganya, lakini sitaki pia kumnunulia Belyse barabara. Nifanyeje? Niendelee na mpango wangu, au nimwache anunue anayoitaka nife taratibu, au kuna laptop ninayoitafuta ambayo Mugenzi haijui? Nisaidie mwanao.

Kaliza, Rwezamenyo.

*

Masenge anajibu:

Kaliza binti yangu, marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale ulipomkuza mtoto wa watu hadi akawa vigae, unisamehe. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na mashine, maana ndiyo swali uliloleta. Nimemuuliza Audace, anayekata video za gazeti letu hapa ofisini, kama kuna laptop ya kukata video isiyoweza gemu. Aliacha kazi akanitazama kama nimeomba ng'ombe wa maziwa asiyekula majani. Kisha akaniambia jambo ambalo wewe, kwa hasira zako, hukulifikiria. Hilo gemu la malori ni jepesi. Linakwenda kwenye simu! Kwa hiyo hata ile laptop isiyo na kadi, ile uliyomchagulia mumeo kwa hila, italicheza vizuri sana. Malori yatapita, Belyse atapita, soga zitapita. Kitakachokwama ni gusaba yako. Eustache atakuwa barabarani anacheka, na wewe mchana kutwa umekaa mbele ya mashine iliyoganda unamsubiri msemaji amalizie kutaja ng'ombe. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe ulikuwa umeshavua viatu.

Nataka uone ulichotaka kukifanya. Katika barua ndefu kama hiyo, hukuandika hata mstari mmoja kuhusu laptop unayoitaka wewe. Umeandika anayoitaka Eustache, umeandika itakayomnyima Belyse. Anayeketi mbele ya hiyo kompyuta tangu asubuhi ni nani? Ni wewe. Ulikwenda kununua chombo chako cha kazi ukiwa umembeba mwanamke mwingine mgongoni.

Sasa tuje kwenye moyo. Unasema una wivu. Kiswahili chako kizuri cha Mwanza kimekupa neno moja ukalijaza kila kitu. Huku kwetu Kinyarwanda kinatenganisha. Kuna gufuha, huo ni wivu wa mke na mume, unaogopa mtu asichukue kilicho chako. Na kuna ishyari, hiyo ni kijicho, mwenzako ana kitu nawe unakitamani. Nimeipekua barua yako natafuta gufuha. Hukuniambia anajificha; anacheza sebuleni mbele yako. Hukuniambia anafuta ujumbe. Picha uliiona na ukajitumia. Hukuniambia amebadilika kitandani, wala hatoi matunzo, wala anatoka. Umeniambia anasema "ego". Umeniambia anacheka na wewe hujui kinachochekesha. Binti yangu, iliyokukamata zaidi ni ishyari. Unamwonea Belyse kijicho kwa sababu yeye anaelewa vichekesho vya mume wako.

Nakuambia hivi kwa sababu dawa zake hazifanani. Mwenye gufuha analinda mlango. Mwenye ishyari inabidi aseme anataka nini, na kusema huko kunatisha kuliko kula njama na muuza duka. Mficha uchi hazai. Umefanya urafiki na Mugenzi, umefanya vita na picha, mtu pekee ambaye hujazungumza naye ni Eustache. Alipokuambia huwezi kuelewa, ulichukua kikombe ukarudi jikoni. Kwa nini hukukaa? Kwa nini hukumwambia, nieleweshe?

Usidhani namtetea. Eustache, kama mkeo akikusomea hapa, sikia: neno "huwezi kuelewa" ni neno baya kumwambia mke aliyejifunza kukuuliza chai kwa lugha ya mama yako. Mkeo alipiga hodi kwenye utoto wako, na wewe ukamjibu kwa Kiswahili cha wageni. Najua unapakumbuka kwenu. Mji huu umejaa watu wenye kwao kwingine, mmoja Bukoba, mmoja Kampala, mmoja Uvira, na kila mmoja ana mtu wa kucheka naye kwenye simu. Hakuna ubaya. Ubaya ni kucheka kila jioni na kumletea mkeo uso uliochoka. Soga si mali ya Belyse peke yake.

Rudi kwangu, Kaliza. Leo hii, usisubiri kesho, mpigie Mugenzi umwambie mpango umekufa. Mwambie aseme ukweli wa mashine zake na asitie neno la nyumbani kwako mdomoni mwake. Kijana yule akishajua kwamba mke anamdanganya mume, siku nyingine atawauzia ninyi wawili kopo bovu na mtanyamaza wote.

Jumamosi mkienda, nenda kama mwenye kazi yake. Beba kadi ya kamera yenye gusaba halisi, ile ndefu, uifungue pale pale dukani. Kata kipande, unganisha, itoe video, usikilize feni na uguse chini kama inaunguza. Audace anasema usikubali RAM chini ya GB kumi na sita, na uulize kama inaongezeka. Diski iwe ya SSD, na ya nje ya kuhifadhia kazi za zamani mtaitafuta polepole. Hiyo kadi ya grafiksi iwemo, tena kwa ajili yako, maana ndiyo inayokuharakishia kazi. Kioo kitazame sana: weka picha ya mishanana, yale mavazi ya harusi, uone kama ile rangi ya dhahabu inabaki dhahabu au inageuka haradali. Chomoa umeme uone inachukua muda gani kuchoka. Yenye mataa ya rangi kwenye kibodi iache, unalipia mataa. Na mkubaliane kabla hamjalipa: kukiwa na harusi inayosubiriwa, mashine ni ya kukata. Kazi ikiisha, malori ruksa.

Lakini yote hayo yana jambo moja la kutangulia, na hili usiniruke. Kabla ya Jumamosi, jioni moja akiwa barabarani na Belyse wake, usimletee chai. Kaa kando yake, mikono mitupu. Mwambie ulivyoniambia mimi, bila matusi na bila machozi kama utaweza: "Nina wivu. Nakuonea wivu unavyocheka. Nataka na mimi nicheke." Mwambie na ya Mugenzi pia, ayasikie kwako. Kisha mwombe kitu kimoja tu: avue hizo hedifoni, sauti itoke nje, umsalimie Belyse kwa jina lake, na yeye akufasirie hicho kichekesho cha kwanza, hata kama kikifasiriwa kitapoa. Vichekesho vingi hupoa. Utakicheka hivyo hivyo, au utamwambia hakichekeshi, na yote mawili ni ndoa.

Akizivua, Jumamosi nunueni yenye kadi, na wewe ndiye uichague. Akikataa kuzivua, hapo nitakuwa nimekosea, itakuwa ni gufuha na una haki nayo. Basi siku hiyo msiende Sonatubes. Fungeni mlango mzungumze, maana unachohitaji wakati huo hakiuzwi kwa Mugenzi.